Karatasi Imevimba, Kivuli Kimehama: Kutatua Matatizo ya Kuchora Nyumba za Mtaani kwa Rangi za Maji

Maswali ya wanaochora mitaa yao huja kwa msimu, kama maembe. Kuanzia Machi hadi Mei malalamiko ni karatasi isiyokauka. Januari ni rangi inayokauka kabla brashi haijamaliza ukuta. Juni anakuja mtu na picha mbili za nyumba moja, ya mwezi Machi na ya juzi, anauliza kwa nini hazifanani. Karibu wote wameshaulaumu mkono wao. Mimi huuliza kwanza: ulichora mwezi gani, saa ngapi, na ulikaa upande gani wa barabara?

Yaliyomo hapa yanatoka Dar es Salaam, kwenye nyumba za Kiswahili za Magomeni na Ilala: baraza mbele, ukumbi katikati na vyumba huku na huku, ua nyuma, mabati juu. Tanga, Unguja na Mombasa mengi yatafanana. Aliye Arusha au Nairobi apunguze habari za unyevu.

Karatasi inavimba na kujikunja

Mara nyingi karatasi ni nyembamba. Soma jalada la daftari lako. Ikiwa ni gramu 80 kwa mita ya mraba, hiyo ni ya fotokopi, usiisumbue. Daftari nyingi za shule za kuchorea ni kati ya gramu 150 na 200, nazo zinavumilia maji kidogo tu. Kazi ya rangi za maji inaanzia gramu 300. Ipo ya gramu 640 isiyojikunja hata uimwagie, lakini kwa bei yake utaogopa kuigusa.

Kama karatasi ni ya gramu 300 na bado inavimba, huenda hukuibana. Ibandike pande zote nne kwenye kipande cha plaiwudi kwa ile tepu ya karatasi wanayotumia mafundi rangi wa magari. Pande mbili hazitoshi, maana maji yatatafuta kona iliyo huru.

Sababu ya tatu ni ya masika: karatasi ilikwisha kunywa unyevu wa hewa kabla hujatia brashi majini. Iweke mezani ikiwa kavu. Kona zikiwa zimenyanyuka, jibu umelipata.

Dawa ya kudumu ni kuitandaza. Itumbukize kwenye beseni la maji safi dakika tano, itoe, ilaze kwenye plaiwudi nene, kisha ipige pini za stepla kuzunguka kingo zote, moja kila baada ya sentimeta tano hivi. Iache ikauke ikiwa imelala. Kipupwe usiku mmoja unatosha, masika hesabu siku mbili. Usiianike juani kuiharakisha. Niliwahi kufanya hivyo mwezi Februari, nikasikia mlio kama wa nguo inayochanika. Karatasi ilikuwa imejivuta kuliko pini zilivyoweza kushika.

Picha iliyokwisha kamilika ikivimba, ilaze kifudifudi juu ya karatasi safi, pitisha sponji yenye unyevu (isiyodondosha maji) mgongoni, ifunike kwa karatasi nyingine, kisha ikandamize kwa vitabu vizito siku mbili.

*Ishia hapo* ikiwa picha ni ya zamani, si yako, au ina wino usioujua. Usiiloweshe. Ukienda kwa fundi fremu mwambie mapema kwamba hutaki igundishwe yote kwenye ubao kwa gundi ya mbao. Ashikize ukingo wa juu tu kwa vipande vya karatasi. Picha iliyogundishwa yote haitoki tena bila kuumia.

Rangi inazama, haitembei

Unaweka anga, na rangi inanyonywa papo hapo na kubaki imepauka, yenye madoa madoa. Kabla ya kulaumu rangi, dondosha tone la maji kwenye kona ya karatasi. Likisimama kama shanga kwa muda, karatasi ni nzima. Likizama mara moja na kuacha alama nyeusi, gundi ya karatasi imekufa.

Karatasi ya rangi za maji hutiwa gundi kiwandani, nyingine jelatini, ili maji yasizame upesi. Unyevu wa muda mrefu unaiharibu gundi hiyo, hasa karatasi ikikaa chini ya kitanda au imeegemea ukuta wa nje. Wengine hupaka jelatini ya jikoni iliyoyeyushwa maji ya moto na kuiacha ikauke. Inasaidia kiasi, ingawa kwangu haijawahi kurudi kama mpya. Karatasi ya namna hiyo naiwekea penseli na mkaa. Mpya naiweka kwenye mfuko wa nailoni uliofungwa, pamoja na vile vifuko vya chembe za kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu.

Angani pameota koliflawa

Hili ndilo lalamiko kubwa la masika: anga lilikuwa laini, ukarudi baada ya dakika kumi ukakuta mawimbi yenye kingo za meno.

Karibu kila mara umerudi na brashi yenye maji mengi kuliko karatasi. Karatasi ilikuwa nusu kavu, ukaona sehemu fulani imepauka, ukaiongeza kidogo. Maji mapya yalisukuma chembe za rangi mpaka yalipoishiwa nguvu, yakaziacha hapo. Inamisha ubao uutazame kwa ubavu. Ukimeta kama sakafu iliyopigwa deki, bado unaweza kuongeza rangi. Mng'ao ukiondoka na karatasi bado ni baridi kwa mgongo wa mkono, usiguse chochote. Ikishapoteza ubaridi, endelea.

Sababu nyingine ni dimbwi dogo linalojikusanya ukingoni kwenye tepu na kurudi nyuma ubao ukilazwa. Lifyonze kwa tishu.

Lililokwisha ota, lainisha ukingo wake kwa brashi yenye unyevu na tishu, mara mbili, tatu, uache. Ukizidisha utakwangua karatasi. Mimi siku hizi mengi nayaacha. Anga la Aprili lina mawingu yenye umbo hilo hilo, na hakuna jirani atakayekuja kuyahesabu.

Inakauka kabla sijafika upande wa pili

Hii ni ya kaskazi, Desemba mpaka mapema Machi. Kwanza angalia ulipokaa. Karatasi ikiwa juani, hama. Mwanga wake mweupe unakupumbaza macho pia, na ukiingia ndani picha itaonekana nyeusi kuliko ulivyodhani. Kisha angalia brashi. Watu wengi wanajaza ukuta mzima kwa brashi ya kuandikia herufi. Chukua pana, ya vidole viwili. La tatu ni upepo. Geuza mgongo uukinge.

Bado inakukimbia? Lowesha karatasi mbele na nyuma kwa sponji kabla ya kuanza, nayo italala kwenye ubao na kushika unyevu kwa muda mzuri zaidi. Au gawa picha mahali ambapo mtaa wenyewe umegawanyika: mstari wa mabati, pembe ya ukuta, fremu ya mlango. Hapo ukingo mkali haumkwazi mtu.

Ukisikia kizunguzungu au kichwa kikianza kugonga, funga kazi, tafuta kivuli na maji ya kunywa. Kisipotulia, nenda kituo cha afya. Picha itakusubiri.

Kivuli kimehama, na nyumba si ile

Hapa nitakaa, maana ndipo watu wanapopoteza miezi.

Ikiwa kivuli kimehama *wakati unachora*, sababu ni kwamba ulikiacha mwisho. Asubuhi na jioni kivuli kinakimbia. Ndani ya saa moja cha mwembe kinaweza kutoka barazani hadi mlangoni. Chora mipaka ya vivuli vyote kwa penseli katika dakika tano za mwanzo, andika saa pembeni, na usiibadilishe hata jua lifanye nini. Ukirudi kesho, rudi saa ileile. Mwenye kutaka kukaa siku nzima abebe mbao mbili au tatu, kila moja na saa yake. Claude Monet alifanya hivyo kule Ufaransa mwaka 1890 na 1891 alipochora marundo ya ngano yaleyale mara kwa mara: mwanga ukibadilika, anachukua turubai nyingine.

Lakini yule wa Machi na Juni tatizo lake ni jingine, na haliko mkononi mwake. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 6.8 kusini mwa ikweta. Jua la adhuhuri linapita juu kabisa ya utosi mara mbili kwa mwaka, karibu na tarehe 10 Oktoba na 3 Machi. Baina ya Machi na Oktoba adhuhuri liko upande wa kaskazini. Baina ya Oktoba na Machi liko kusini.

Kwa hiyo nyumba inayotazama kaskazini inapigwa na jua usoni adhuhuri ya Juni, na mwezi Desemba uso wake uko kivulini. Ukuta wa meta 3 mwishoni mwa Juni unaangusha kivuli cha karibu meta 1.75 kuelekea kusini. Mwishoni mwa Desemba kivuli cha ukuta huohuo ni kama sentimeta 90 tu, nacho kinaelekea kaskazini. Upenu uliotokeza sentimeta 60 utateremsha kivuli cha karibu meta nzima kwenye ukuta wa mbele mwezi Juni. Mapema Machi jua liko wima, ukuta mzima umefunikwa na kivuli, na mwanga wote uko barabarani.

Basi kagua hivi. Jua la asubuhi linatoka mashariki, hivyo nyumba inatazama wapi? Andika nyuma ya picha zako zote: mwezi, saa, mwelekeo. Picha zako mbili zikigombana, soma mgongo kabla ya kufuta.

Na kama vivuli vyako vyote vinaonekana kama mashimo, umetia nyeusi ya chupa. Kivuli cha barabara ya mchanga si cheusi. Changanya bluu ya ultramarini na kahawia ya siena iliyochomwa: ukizidisha bluu kinapoa, ukizidisha siena kinapata joto la udongo.

Ni picha nzuri, lakini haisemi ni msimu gani

Sababu ya kwanza ni kijani cha tyubu. Kijani kilekile kimepakwa Aprili na Septemba, na mti umekuwa kama wa plastiki. Kiweke kando mwezi mmoja. Masika changanya manjano ya limau na bluu. Kiangazi ongeza oka (manjano ya udongo) na siena, maana majani ya kando ya barabara yana vumbi jekundu mgongoni, na mwarobaini uliokaa miezi bila mvua umekuwa wa kijivu.

Ya pili, umechora miti yote kama mti mmoja. Mbuyu hupukutika kiangazi ukabaki vidole vitupu. Msufi nao hupukutika. Mkrismasi unawaka mwekundu kuanzia Novemba, na chini yake barabara inakuwa nyekundu vilevile, jambo ambalo wengi wanalisahau. Mwembe hauvui majani, lakini kuelekea mwisho wa mwaka matawi yake yananing'inia kwa uzito.

Ya tatu ni ardhi na ukuta. Ukuta wa masika una mkanda wa unyevu unaofika magotini, na ndani yake rangi ya chokaa imekuwa nzito. Chini kabisa pana kijani cha kuvu. Mahali maji ya mabati yanapodondokea, matone yamerusha udongo mwekundu ukutani kama baka la sindano elfu. Weka baka hilo tu, mtu wa Ilala atajua ni Aprili hata anga ukiliacha jeupe. Dimbwi nalo huwa na rangi ya anga katikati na ya udongo ukingoni, na linarudisha nyumba kwa wima, kamwe si kwa mshazari.

Mabati yana mambo yake. Yakiwa makavu chini ya jua ni meupe kuliko ukuta. Yakilowa yanakuwa giza, halafu mvua ikikata yanageuka kioo cha anga kwa robo saa. Anayeyapaka kijivu mwaka mzima amekosa robo saa hiyo. Kutu lisiwe kahawia moja: la zamani limekaribia zambarau, la mwaka huu ni rangi ya chungwa.

Kisha kuna kamba ya nguo, dawa yangu ninayoipenda kuliko zote. Juni hadi Septemba upepo ni kusi, na kanga zinapeperukia kaskazini. Desemba hadi Februari ni kaskazi, zinapeperukia kusini. Machi, upepo ukiwa umelegea, zinaning'inia tu na kudondosha maji. Mchoraji akikosea hapo, mvuvi atamcheka.

Ukuta mweupe umekuwa mchafu

Kwanza badilisha maji ya kuoshea brashi. Nasema kweli, nusu ya picha za tope zinatoka kwenye kopo moja la maji yaliyotumika saa mbili. Weka makopo mawili, la kuosha na la kuchovya.

Pili, usichanganye rangi tatu, nne, tano. Mbili zinatosha, ya tatu iwe na sababu.

Tatu, usiupake ukuta mweupe rangi nyeupe. Uache wazi karatasi, upake kinachouzunguka: anga, mlango, kivuli cha upenu. Kivuli kilicho juu ya chokaa kina bluu karibu na upenu, kisha kinapata joto kadiri kinavyoshuka, kwa sababu barabara ya udongo inautupia ukuta mwanga wake. Ultramarini yenyewe ina chembe zinazotuama kwenye mashimo ya karatasi na kutoa mparuzo kama wa chokaa ya zamani. Hapo karatasi yenye mparuzo inafanya kazi kubwa kuliko wewe.

Nyumba inaangukia barabarani

Mstari wa macho yako uko wapi? Ukikaa kwenye kigoda, uko karibu na usawa wa kitasa au chini yake kidogo. Mistari yote ya nyumba iliyo juu ya hapo inayokwenda mbali nawe inashuka, na iliyo chini yake inapanda. Kosa la kawaida ni kuanza mchoro umekaa na kuumalizia umesimama kwa sababu mgongo unauma. Nyoosha penseli mbele ya jicho, linganisha mteremko wa upenu, ukae ulipoanzia. Nyumba nyingi za mtaani zenyewe zimepinda, basi hakikisha hujainyoosha iliyolala kweli.

Madoa ya kahawia na ukungu kwenye picha za zamani

Kagua kwanza kama picha inagusa kioo cha fremu. Unyevu unajikusanya hapo na rangi hunata. Kati ya picha na kioo pawe na fremu ya karatasi nene. Kisha kagua ukuta: kama ni wa nje na unalowa masika, hamishia picha ukuta wa ndani. Na kama rangi imefifia bila madoa, mtuhumiwa ni jua la dirishani. Baadhi ya nyekundu, hasa alizarini halisi, hufifia hata zikitunzwa vizuri.

*Usipake jiki.* Itachoma karatasi pamoja na doa. Ukungu mkavu kidogo unaweza kuutoa nje ya nyumba kwa brashi laini sana, umevaa barakoa, upepo ukiwa mgongoni. Ukiwa mweusi, umeenea, au ndani pana mwenye pumu, usiuguse. Ifunge picha kwenye mfuko na utafute mtaalamu wa uhifadhi wa makumbusho au nyaraka.

Mwenye nyumba amekuja juu

Tatizo hili halimo kwenye vitabu vya rangi, ila linavunja siku kuliko mvua. Umekaa unapima mlango kwa penseli, jicho moja umelifunga. Mama anatoka: "Mwanangu, unatupima? Mnatubomolea?" Ana haki ya kuuliza. Katika jiji ambalo nyumba za kubomolewa huandikwa X nyekundu ukutani, mgeni mwenye ubao na penseli hajakaa vizuri machoni pa watu.

Sababu ya kawaida ni kwamba hukubisha hodi. Salimia kwanza, "shikamoo" kwa mkubwa, eleza, onyesha picha za nyuma. Mimi hubeba daftari la zamani kwa ajili hiyo tu. Mara nyingi unaletewa kiti, na mtoto anaagizwa akuitie babu aje ajione. Akikataa, usibishane. Sogea nyumba tatu mbele.

Ukipanga kuchora mtaa uleule mwaka mzima, nenda mapema kwa mjumbe au ofisi ya serikali ya mtaa ujitambulishe. Usichore kituo cha polisi, kambi, bandari wala jengo lolote lenye askari getini bila ruhusa ya maandishi. Ukiambiwa ufunge daftari, lifunge.

Na ukiwa Mji Mkongwe Unguja, tazama ukuta kabla ya kuuegemea. Zile ni nyumba za mawe ya matumbawe na chokaa, na mvua huziingia. Sehemu ya Beit al-Ajaib yenyewe, lile jumba la kale la masultani, iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020. Ukiona ufa mpya, ukuta uliotunisha tumbo au vumbi la chokaa linalodondoka, beba kigoda chako uvuke upande wa pili, umwambie mwenye nyumba amwite fundi mjenzi. Kutoka ng'ambo ya njia utaiona balkoni yote.